Mashine ya Boti Yenye Magurudumu

Mtu wa Malindi anayetaka kufufua pikipiki ya zamani ya tu-stroki asianzie gereji ya bodaboda. Ateremke pwani asubuhi, boti zinaporudi na samaki, asimame pale upepo unapopeleka moshi wa mashine, avute pumzi. Ile harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, iliyokuwa ikiachwa njiani na pikipiki za maofisa wa kilimo na watu wa chanjo kutoka Kilifi hadi Bamba, kutoka Malindi hadi Marafa, haijatoweka katika kaunti hii. Imehama barabarani, ikaingia baharini.

Gereji nilipita, maana iko njiani. Fundi ni kijana, hodari wa Boxer na TVS, mtu anayeweza kushusha injini huku akizungumza na simu. Niliishusha yangu kwenye mkokoteni mbele yake: Yamaha DT125 ya mwanzo wa miaka ya 1980, ringi ya mbele imepinda kidogo, tangi limebakiwa na rangi upande mmoja tu, ule ulioegemea ukuta. Akachutama. Akapitisha kidole kwenye kichwa cha silinda akitafuta kifuniko cha tapeti, akakosa.

"Kaka, valvu ziko wapi?"

Hazimo.

"Na oili wamwagia wapi?"

Kwenye petroli. Akanitazama kama ninamfanyia mzaha, kisha akacheka, akawaita wenzake waje waone injini isiyokuwa na kitu ndani.

Kijana huyo hana lawama. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya 250cc, na katika miaka michache barabara zetu zikajaa pikipiki za India na China, karibu zote za stroki nne. Kizazi kizima cha mafundi kilishika spana ya kwanza mbele ya injini yenye valvu, yenye oili yake chini, ya kubadilishwa baada ya kilomita kadhaa. Hizi nyingine, za mlio mkali na moshi wa buluu, walizisikia kwa mbali tu, kama walizisikia.

Ila ujuzi wake haukufa. Upande wa Shela, kando ya boti zilizopinduliwa kifudifudi, yuko ami mmoja anayetengeneza mashine za wavuvi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaacha kazi aliyokuwa nayo akaja kuitazama DT ikiwa bado juu ya mkokoteni. Hakuuliza swali hata moja. Alichomoa kifuniko cha plagi, akanusa tundu la tangi, akaiona pampu ndogo ya oili ubavuni mwa injini, akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Mwanangu," akasema, "hii ni mashine ya boti, wameitia magurudumu. Tofauti ni moja tu. Zangu zapozwa kwa maji ya bahari. Hii yako yapozwa kwa upepo."

Tofauti hiyo moja ina uzito, nami nitairudia. Lakini udugu wenyewe ni wa kweli hata kwa majina: Yamaha iliziita mashine zake za boti za kazi ngumu Enduro, jina lile lile lililokuwa likiandikwa ubavuni mwa pikipiki zake za njia mbovu. Mvuvi wa Mayungu anayepima oili kwa kifuniko cha chupa kabla ya kuvuta kamba ya mashine anajua jambo ambalo mjini limesahaulika. Hajui kwamba anajua. Kwake ni kazi ya kila alfajiri.

Tuseme wazi ni jambo gani. Injini ya stroki nne hufanya kazi zake kwa zamu: huvuta, hubana, huwaka, hutoa. Krenki huzunguka mara mbili ndipo moto upatikane mara moja. Tu-stroki huwaka kila mzunguko. Pistoni ikipanda, juu yake inabana mchanganyiko wa petroli na hewa, na chini yake, ndani ya kasha la krenki, inavuta mwingine. Ikishuka kwa nguvu ya moto, inausukuma ule wa chini upite kwenye matundu ya ubavuni mwa silinda hadi juu, ukaufukuze moshi. Hakuna valvu, hakuna kamshafti, hakuna cheni ya taiming. Mlango wa kuingilia kwenye kasha unalindwa na vilimi vyembamba vya chuma vinavyofunguka kwa mvuto na kujifunga kwa msukumo, kazi ile ile ya kilimi cha zumari mdomoni mwa mpigaji.

Na kwa kuwa kasha la krenki ndiyo njia ya petroli, haliwezi kuwa nyumba ya oili pia. Oili lazima ije na petroli, ilainishe beringi na ukuta wa silinda ikiwa safarini, halafu iungue. Hairudi. Injini hii huitumia kinga yake kila inapozunguka, na lazima ipewe nyingine. Mwenye stroki nne anaweza kusahau mwezi mzima asione kitu. Oili imefichwa chini, inazidi kuwa nyeusi, injini inavumilia kimya. Mwenye tu-stroki akisahau hafiki Gede. Lakini pia hahitaji mganga wa kumtabiria. Achomoe plagi aitazame: ikiwa nyeusi na yenye majimaji, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, injini inakula hewa nyingi na inaungua kwa ndani, ikiwa hudhurungi kavu, mambo ni sawa. Ninaipenda tabia hiyo ya kusema kila kitu waziwazi. Katika umri wangu nimechoka na vitu vinavyovumilia kimya.

Asili yake ni safari ndefu. Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata umbo la DKW RT125 ya Ujerumani, kama walivyokuwa wamefanya Waingereza wa BSA na Warusi baada ya vita. Siri ya kuipa injini ndogo kama hii nguvu kubwa ilipikwa Ujerumani Mashariki, katika kiwanda cha MZ, na mhandisi Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, kulikotengenezwa makombora. Kaaden alijifunza kuliunda bomba la moshi liwe pana katikati na jembamba mwishoni, ili wimbi la mlipuko ligonge kule mbele, lirudi, liuzuie mchanganyiko mbichi usitoroke kabla ya kuwaka. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano Sweden, akaibukia Suzuki na ujuzi wote kichwani. Mwaka uliofuata Suzuki ikawa bingwa wa dunia wa daraja la 50cc, Degner akiwa juu ya kiti. Wajapani wengine hawakukawia kuelewa.

Sisi huku tulikuwa na makombora yetu. Waitalia walikuwa wakijenga jukwaa la San Marco baharini, mbele ya Ngomeni, na Aprili 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti yao ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaruka ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1968, Yamaha ilitoa DT-1, pikipiki ya 250cc, nyepesi, ndefu miguu, yenye taa za barabarani na tairi za mchangani. Oili yake haikuhitaji kuchanganywa kwa mkono: ilikuwa na pampu ya Autolube, ambayo Yamaha ilianza kuiuza mwaka 1964, inayotoa oili kwa kufuata mwendo wa injini na kiasi cha resi. Iliundwa kwa ajili ya Wamarekani wa kucheza jangwani Jumamosi na Jumapili. Wadogo zake, DT100, DT125 na DT175, pamoja na Suzuki TS na TF125, ndizo zilizotufikia huku. Mchezo wa Mmarekani kwetu ukawa njia ya kwenda kazini.

Anayeijua Kilifi ya wakati huo ataelewa kwa nini. Ukitoka kwenye lami ya Mombasa hadi Malindi, hatua chache tu, unaanza mchanga mweupe. Mbele kidogo mchanga unageuka kuwa udongo mwekundu. Ukipita Vitengeni kuelekea Bamba, mvua ikinyesha, njia inakuwa uji. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, hata hiyo lami yenyewe ilikatika kwenye feri ya Mnarani, na pikipiki ilivuka ikiwa imebanwa kati ya malori na akina mama wenye vikapu. Gari la serikali lilikuwa la mkubwa wa wilaya. Ofisa wa mashinani, kama alibahatika kabisa, alipewa pikipiki. Ofisi yake yote ilikuwa juu ya keria: sanduku la baridi la chanjo, au mche wa mkorosho uliofungwa kwenye gunia bichi, au daftari za darasa la ngumbaru. Huko nilikokulia, pikipiki ya tu-stroki ikisikika ng'ambo ya bonde watoto walijua serikali inakuja, wakajificha, kwa kuwa serikali ilikuja na sindano.

Kwa hiyo ninayoishika si mali ya kifahari iliyoporomoka. Ni kifaa cha umma kilichostaafu. Kwenye kifuniko cha ubavuni bado zinasomeka herufi zilizopakwa kwa brashi, za idara ambayo jina lake limebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Na jambo la kwanza la kufanya, kabla ya spana yoyote, lilitokana na herufi hizo: karatasi. Pikipiki nyingi za aina hii zimelala nyuma ya ofisi za zamani, kwenye nyua za misheni, kwenye mabanda ya mashamba ya mkonge, na mlinzi wa lango yuko tayari kukuuzia kwa bei ya mbuzi. Mlinzi hawezi kukuuzia mali ya serikali. Iliyotoka kihalali ilitoka kwa mnada, na mnada huacha risiti. Kisha kuna logibuku, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, ambayo mara nyingi huwa chini ya tabaka la rangi na kutu. Isugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uisome, uilinganishe na karatasi. Zikitofautiana, iache hapo ilipo, hata kama moyo umeshaanza kuipenda. Kisheria pikipiki ni namba. Vingine vyote, hata injini, ni vipuri.

Ami aliniambia niirudishe Mei. Mwezi huo si wa bahati tu. Kusi likishavuma, bahari inachafuka, wavuvi wengi wa boti ndogo wanabaki nchi kavu, na mashine zinapandishwa pwani kwa matengenezo. Fundi ana vifaa vyake vyote mezani na watu wa kumshikia taa. Wakati wa kaskazi hana nafasi hata ya kula. Anayefanya kazi hii kwa kalenda ya gereji za mjini atalalamika kwamba mafundi wa boti ni wazito. Afuate kalenda ya upepo.

Onyo lake la kwanza lilikuwa juu ya kiki. Kila anayeiona pikipiki ya zamani hunyoosha mguu aipige kiki ajue kama injini inazunguka, na injini iliyolala miaka ishirini karibu na bahari haitaki hivyo hata kidogo. Ringi za pistoni zimeshika kutu kwenye ukuta wa silinda. Ukizilazimisha zinavunjika, na kipande kikinasa kwenye tundu la moshi kinalima silinda yote. Tulichomoa plagi, tukamimina vijiko kadhaa vya oili nyepesi ndani, tukafunika tundu kwa kitambaa, tukaiacha. Siku kadhaa baadaye ami aliishika nati ya sumaku kwa spana, akaisukuma kwa kidole gumba, mbele kidogo, nyuma kidogo, sikio lake likiwa karibu na mapezi ya silinda. Ikazunguka.

Nimeitazama silinda hiyo kwa saa nyingi baada ya kuifungua, na bado sijaichoka. Kipenyo chake ni milimita 56, mwendo wa pistoni milimita 50, ujazo 123cc. Unaweza kuishika kwa kiganja. Mapezi ya nje yameota unga mweupe wa chumvi, ule unaokula alumini ya nyumba zote zinazotazama bahari. Ndani, upande wa moshi, kaboni imejijenga kwenye mdomo wa tundu hadi kulipunguza. Kwenye bomba lenyewe nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo, vyumba sita au saba vilivyopangwa vizuri kuliko kazi nyingi za binadamu nilizoziona wiki hiyo. Pistoni ina mistari ya kukwaruzika upande mmoja, mirefu, iliyo laini ukiipitishia ukucha. Ami aliigeuza kwenye mwanga. Huyu, akasema, kuna siku alipandishwa mlima na oili imemwishia, akashika, dereva akambana klachi kwa wakati, akaokoka. Miaka arobaini imepita na tukio hilo bado limeandikwa pale. Mwendeshaji fulani, mahali fulani, labda kwenye mpando wa Ganze, alikuwa na vidole vyepesi.

Silinda iliyokwaruzika si mwisho wa dunia. Inapanuliwa kwenye mashine ya kuchonga, inatiwa pistoni ya oversaizi. Zinakuja kwa hatua za robo milimita, na DT huvumilia hatua kadhaa kabla ya kuhitaji silinda nyingine. Mombasa wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri. Vipuri navyo vinapatikana kuliko nilivyotarajia, kwa sababu DT za kupozwa kwa upepo ziliendelea kutengenezwa kwa masoko kama Australia hadi miaka ya 2000, muda mrefu baada ya kutoweka madukani Marekani na Ulaya. Kinachosumbua ni vitu vya kijinga: tairi ya mbele ni ya inchi 21, na duka la bodaboda haliijui, skrubu za injini ya Kijapani zina msalaba usiokubaliana na bisibisi ya kawaida, kwa hiyo bisibisi inateleza, inakula kichwa, na mtu anamlaani fundi aliyezifunga mwaka 1981. Tumia ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo.

Tangi lilisafishwa kwa elimu ya jikoni. Kutu ya ndani huyeyushwa na asidi, na Mswahili amekuwa aking'arisha sinia za shaba kwa ndimu na ukwaju tangu enzi. Tulijaza tangi maji ya ukwaju yaliyochanganywa na siki, tukatia kipande cha cheni ya baiskeli, likatikiswa na kila mtu aliyepita akiwa na nafasi. Baadaye likasuuzwa kwa maji ya magadi kuiua asidi, likakaushwa juani, likapakwa oili kwa ndani siku hiyo hiyo, maana hewa ya Malindi haingoji kesho. Kabureta ni hadithi fupi: petroli ya zamani iliganda humo ikawa gundi, jeti zikaziba, tukaziloweka na kuzizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Pointi zikasuguliwa, pengo likapimwa, milimita 0.35, cheche ikatoka. Madini ya risasi, ambayo Kenya iliyaondoa kwenye petroli mwaka 2006 na ambayo wenye magari ya zamani hupenda kuyalilia, hayatuhusu. Kilio hicho ni cha valvu.

Sasa ile tofauti moja. Oili ya mashine za boti, ile yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, isiyopata joto kali sana, na haina yale madini yanayoacha majivu. Injini inayopozwa kwa upepo, ikipanda mchanga kwa gia ya pili saa saba mchana, ina joto la aina nyingine, na inataka oili yenye alama ya JASO, FC au FD. Chupa zinafanana, bei ya ile ya boti mara nyingi ni nafuu, na kila mvuvi atakupa kidogo bure kwa wema wake. Asante, lakini hapana. Pampu ya Autolube nayo tumeiacha mahali pake, imesafishwa, lakini hadi itakapothibitisha kwamba bado ina akili zake tunachanganya kwa mkono: mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Moshi utazidi. Uzidi tu.

Na kuna oili sili za krenki, vipete viwili vya mpira vya bei ya soda chache, ambavyo naona ndivyo vinavyoua nyingi ya injini hizi baada ya kufufuliwa. Injini ikikaa, mpira unakauka. Pikipiki inawaka vizuri, mwenyewe anashangilia, na huku hewa ya ziada inaingia kwa siri kando ya krenki. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na kwenye kilomita ya kumi pistoni inashika. Ami ana kipimo chake. Aliziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya mpira, akaazima kwa mkewe, ambaye ni muuguzi mstaafu, mashine kuukuu ya kupimia presha, akaunganisha mpira wake kwenye tundu la plagi, akaminya balbu hadi mshale ukakaribia 300. Kisha tukapaka povu la sabuni kila mahali, tukangoja. Upande wa sumaku povu likaanza kuvimba, viputo vidogo vidogo, bila haraka. Mshale ukashuka. "Ana presha ya kushuka huyu," akasema muuguzi akiwa mlangoni, na hakuna aliyeweza kufanya kazi kwa dakika tano zilizofuata.

Wapo watakaosema niipake rangi upya, nitafute stika za kiwandani, niing'arishe hadi iwe mpya kuliko siku iliyotoka Japani. Huko Ulaya ndivyo wafanyavyo wengi, na wana haki na pesa zao. Mimi nitabadilisha kila kinachohusu usalama na uzima, breki, beringi, nyaya, tairi, sili, na rangi sitaigusa. Herufi za idara zitabaki. Pikipiki iliyosafishwa ikatolewa kumbukumbu zake ingeweza kuwa ya mtu yeyote wa Osaka au Milano. Hii ni ya Kilifi kwa sababu ya mahali ilipochubuka.

Moshi wake sitautetea. Sehemu ya petroli hutoka kwenye tundu la moshi bila kuungua, na oili yote huishia hewani. Hakuna mji unaopaswa kuwa na maelfu ya injini kama hizi, na miji ya Asia iliyowahi kuwa nazo ilijuta. Moja, ya Jumapili, naweza kuishi nayo. Ila nina mipaka. Haitaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako kelele yake ni ukosefu wa adabu kwa bundi na sengi wasiopatikana karibu popote pengine duniani. Na haitakanyaga ufuo. Vijana wanapenda kupiga picha wakiendesha kwenye mchanga wa Watamu maji yakitupwa. Kasa hutaga humo, mayai yamefukiwa mkono mmoja tu chini, na chumvi ya safari moja hula spoku kuliko mwaka wa mvua. Njia za kutosha ziko bara: Kakoneni, Langobaya, Marafa kwenye mabonde ya Nyari, Bamba.

Habari husafiri. Wiki iliyopita alinipigia simu mzee mmoja wa Ganze, ofisa wa kilimo mstaafu, ambaye mwanawe aliiona DT pale Shela. Hakujitambulisha kwa jina kwanza. Aliniuliza namba za usajili. Nilipomsomea akanyamaza kidogo, akasema si ile yake, yake ilikuwa ya baadaye, lakini ya mwenzake wa Magarini ilikuwa karibu na hiyo. Akaanza kunieleza habari za wokitiketi, jinsi walivyoandika kila kilomita na kila lita, na jinsi oili ya pampu ilivyokuwa ikitolewa stoo kwa kipimo na karani aliyeamini kwamba wanaipikia. Akaniuliza kama nimeikagua koki ya petroli, kwa sababu zote zilivuja upande ule ule. Nikamwambia bado, mzee.

"Basi ikague. Na sproketi ya nyuma unayo?"

Meno yamekwisha, nikasema.

Anayo moja, amesema, haijafunguliwa kwenye karatasi yake tangu alipostaafu. Hakumbuki ni ya DT au ni ya TF, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Ataitoa kwa sharti kwamba nimpelekee pikipiki yenyewe Ganze ikishawaka, na kwamba yeye ndiye atakayeiendesha hadi sokoni na kurudi. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kando, alisema jambo kwa Kigiriama ambalo sitaliandika hapa. Jumamosi nakwenda na rula.